Kabla Matanga Hayajaanuliwa

Tanzugu, Volta ya Juu
3 Oktoba 1978

Kwa mume wangu mdogo Nobila,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama yako mpaka punda. Tunalala na tunaamka, na hilo ndilo la kushukuru. Kaka yako Kouka, mume wangu mkubwa, anakusalimu sana, anasema kile kidonda cha jembe mguuni kimepona na sasa hana kisingizio cha kukaa nyumbani. Binti yetu Hado ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, hata wageni. Uwele umetoa masuke mazuri upande wa kisima, ila upande wa kilimani ndege wametutangulia. Mimi mkeo ninayekungoja nimekonda kidogo, lakini bado nampita kwa uzuri huyo uliyemwoa huko Kodivaa, hata kama sijamtia machoni. Msalimie, na watoto pia.

Sasa keti. Kama barua hii imekukuta shambani umesimama, tafuta gogo ukae.

Baba amefariki. Mzee Raogo ametutoka mwezi wa nane, wakati mvua inapiga usiku na mchana. Homa ilimchukua kwa siku chache tu, tukamzika palepale kando ya ukuta, ubavuni mwa baba yake. Sikukuandikia mapema kwa sababu daraja lilikatika na lori la Wagadugu halikufika. Na nisikufiche, wazee nao walibishana kama uambiwe au usiambiwe. Walikumbushana neno lake: "Aliyeondoka bila kuomba njia, njia ya kurudi ataiomba kwa nani?" Hakuna aliyelisahau. Miaka kumi na moja imepita, na watu bado wanasimulia jinsi ulivyoondoka alfajiri ya msimu wa kupanda, ukaacha jembe lako limesimama kwenye tuta. Ndipo mama yako akainuka katikati ya wanaume, mjane wa juzi, akasema, "Huyo mtoto hakuzaliwa na Raogo peke yake. Mwandikieni." Basi naandika mimi, kwa sababu katika nyumba hii ni mimi na wewe tu tuliokaa kwenye madawati ya mapadri.

Jambo la pili. Wamenichagua mimi kuwa kurita wake. Ulikuwa mdogo alipokufa babu yako, labda hukumbuki vizuri: mke mmoja wa nyumba huvaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake na kukohoa kikohozi chake, ili nyumba isibaki tupu kwa ghafla. Basi mimi ndiye Baba sasa. Navaa kanzu yake ya pamba na kofia yake ya ukili, nashika fimbo yake. Asubuhi Kouka, mume wangu wa ndoa, anachuchumaa mbele yangu na kuniamkia, "Baba, umelalaje?" Namjibu kwa kuguna, kama unavyojua mwenyewe. Mara ya kwanza nilitaka kucheka, nikamwona machozi yanamlengalenga, nikaguna tena.

Nguo hizi nitazivaa mpaka matanga yatakapoanuliwa, kiangazi, baada ya mavuno. Wanakungoja. Mimi pia nakungoja.

Ni mimi mkeo,
Talato


Karibu na Gagnoa, Kodivaa
26 Novemba 1978

Kwa shemeji yangu Talato, mwizi wa karanga zangu tangu darasa la kwanza,

Salamu zako zimefika, zimechelewa lakini zimefika. Mfikishie Kouka salamu zangu, na mama, na huyo Hado mwenye meno. Mke wangu Adjoua amesikia majivuno yako, nimemsomea neno kwa neno. Anasema uje na sufuria yako mshindane, uzuri wa mke uko mezani. Watoto wawili ni wazima, wa tatu yuko njiani. Kakao ya mwaka huu ni nzito, tunapasua maganda kutwa, na nyumba nzima inanuka mbegu zilizofunikwa kwa majani ya migomba. Mvua ya huku haina adabu, haijui kiangazi.

Barua yako nilipewa nikiwa katikati ya watu, kwenye rundo la maganda. Nikaisoma, nikaikunja, nikaendelea kupasua. Sikutaka waone. Niliendelea hivyo mpaka panga likanikata kidole, na hapo ndipo nilipopata sababu ya kulia mbele za watu. Walinifunga kitambaa na kunicheka, mtu mzima analia kwa kidole.

Nataka kukuuliza mambo, na unijibu bila kunihurumia. Je, alitaja jina langu? Hata kwa kunilaani, alinitaja? Lile blanketi nililolituma mwaka wa njaa, alijifunika?

Na jambo lingine, shemeji, usinione mwehu. Unasema wewe ndiye Baba sasa. Basi muulize. Vaa hiyo kofia, kaa peke yako, mwulize: Nobila akija, utampokea? Halafu uniandikie jibu lake. Nikijua atanipokea nitakuja hata kwa miguu. Nisipojua, sijui kama nitaweza kupanda treni. Siogopi kutukanwa wala kupigwa fimbo. Naogopa nimwamkie mbele ya watu, anipite kama hanijui. Akinifanyia hivyo na matanga yakaanuliwa, atakuwa ameondoka na jibu hilo, na hakuna mtu mwingine duniani wa kulibatilisha.

Shemeji yako,
Nobila


Tanzugu
12 Januari 1979

Kwa mume wangu mdogo, mwenye kidole kilichofungwa kitambaa,

Tumevuna. Ghala moja limejaa na jingine limefika kiunoni, kwa hiyo mwaka huu hatutaazima. Mama yako ana nguvu, anatwanga mwenyewe na hataki kusaidiwa. Hado amejifunza kuniita Babu na sasa hataki kuniita Mama, hata nikimnyonyesha. Hebu fikiria, babu ananyonyesha! Upepo wa jangwani umeanza, midomo yetu yote imepasuka.

Umeniambia nisikuhurumie. Sawa. Hakukutaja. Si kwa wema wala kwa ubaya. Blanketi alilipokea, akalitia sandukuni, na lilikaa humo. Siku ya mwisho, alipokuwa hajitambui tena, mama yako alilitoa akamfunika. Alikufa nalo mwilini. Sijui kama alijua ni la nani, na mtu akikwambia anajua, anakudanganya.

Na hilo la kumuuliza, hapana. Usikasirike. Mimi namwiga Baba, simtungii maneno. Naweza kukohoa mara mbili kabla ya kuingia mlangoni kama yeye. Naweza kuficha tumbaku kwenye ukingo wa kofia, na kusimama kisimani nikiwagombeza wanawake wanaomwaga maji. Hayo niliyaona kwa macho yangu miaka yote niliyokaa nyumbani kwake. Moyo wake sikuuona. Nikikuandikia kwamba amesema njoo, utakuwa umesamehewa na Talato, na Talato hana ugomvi na wewe isipokuwa wa karanga.

Lakini iko njia, na nimeizungumza na wazee. Wamekubali. Uje kabla matanga hayajaanuliwa, uniamkie kama unavyomwamkia yeye, mbele yao, useme: "Baba, naomba njia." Mimi nitakupa maji ya unga kwa mkono huu wenye fimbo. Ukinywa, imekwisha. Kurita akitoa maji ni nyumba imetoa, na hakuna atakayefukua tena. Hilo nina haki nalo, na nitalifanya kwa moyo wote. Walikuwa wamepanga kuanua matanga Februari, nimewaomba wasogeze mpaka mwisho wa Machi kwa ajili yako.

Na uje, Nobila, kwa sababu nami nimechoka. Watu wanasema sijawahi kuonekana kurita kama mimi, na sifa hiyo inanimaliza. Mama yako ameizoea. Ananipakulia ugali wa Baba, kwenye bakuli la Baba, na jana alinigombeza nusu saa eti nimerudi kutoka kwenye pombe ya mtama nikiwa nimelewa, nami sikuonja hata tone. Nikaguna, akasema, "Guna tu, ndiyo kazi yako." Akaenda kulala ametulia. Na Kouka, ambaye tangu anioe hakuna siku aliyonikosa kwa utani, sasa hanigusi na hanitanii. Nani anamtania baba yake? Nimekumbuka kutaniwa kuliko nilivyokumbuka nyama.

Njoo univue kofia hii.

Talato


Karibu na Gagnoa
20 Machi 1979

Kwa shemeji Talato,

Salamu kwa mama, kwa kaka, kwa mtoto. Sisi hatujambo. Mtoto wa tatu amezaliwa, wa kiume. Mvua zimeanza tena.

Anueni matanga bila mimi. Msisogeze siku tena, wala msinihesabu. Aliyeleta barua hii anacho kitambaa cha mama, na mafuta ya kupaka.

Nilifikiri jambo hili lina dawa, sasa najua halina. Usiniulize nimejuaje.

Nobila


Tanzugu
2 Mei 1979

Kwa Nobila,

Nakusalimu kwa sababu ni adabu, na mama yako anakusalimu kwa sababu ni mama yako. Hongera kwa mtoto. Joto limetukalia kooni na kisima kimeshuka mpaka kamba imebidi iongezwe. Kouka ana homa lakini anatembea. Haya, salamu zimekwisha.

Barua yako imefika matanga yakiwa yameshaanuliwa. Tulikungoja, unasikia? Wazee walikaa, mbuzi walikuwa wamefungwa, wapiga ngoma wamefika kutoka ng'ambo ya bwawa na wanakula chakula chetu, na kila lori likipiga honi mama yako anajitwisha mtungi eti anakwenda kisimani, kisima kiko upande wa pili! Baada ya wiki moja wazee wakasema, imetosha, maiti haiwekwi mlangoni kwa ajili ya mtu mmoja.

Nikuambie ilivyokuwa, maana ulistahili kuwa hapo uone. Walinipitisha nyumba kwa nyumba, nikaaga kwa kuguna. Watoto walinifuata wakilia na kucheka. Halafu nyuma ya ghala wanawake wakanivua kanzu, wakaniogesha, wakanivalisha kitenge changu, nikatoka nikiwa Talato. Mama yako alikuwa amesimama pale anangoja. Alinitazama usoni, akatazama kofia mikononi mwa yule aliyeibeba, akaita jina la Baba, lile la utotoni ambalo sijawahi kumsikia akilitamka. Akaanguka. Mwezi wa nane alilia kama wajane wote wanavyolia. Safari hii alilia kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Mimi nilimshika, naye akanisukuma, akasema, "Wewe niache, si ulikuwa yeye!" Mpaka leo ananipakulia chakula kidogo kuliko wengine. Namwelewa, lakini inauma.

Na wewe unaniandikia mistari saba. "Jambo halina dawa." Nani kakwambia? Mganga gani wa huko kwenye migomba? Dawa ilikuwa mkononi mwangu, ndani ya kibuyu, nimeikoroga mara ngapi nikaimwaga! Nilikuwa sijui kwamba ndugu wa mume wangu ni mwoga. Hata kuku akiogopa hupiga kelele, wewe unatuma mafuta ya kupaka.

Kuna mtu sokoni alidai alimwona Machi bwana anayefanana na wewe, ana begi. Nikamwambia mume wangu mdogo ana makosa yake, lakini hawezi kufika Tanzugu akapita bila kumsalimia mama yake.

Niambie umejuaje.

Talato


Karibu na Gagnoa
8 Julai 1979

Kwa shemeji yangu,

Msalimie mama kwanza. Mwambie mtoto mchanga tumempa jina la Raogo. Adjoua alitaka jina la kwao lakini aliponiona uso wangu hakubishana. Kouka apumzike, hiyo homa asiifanyie ubishi. Huku tunapalilia, nyoka wengi, na bei ya mchele imepanda.

Yule mtu wa sokoni hakukosea.

Nilikuja. Nilipanda treni mpaka Wagadugu, siku mbili nimekaa juu ya begi langu, halafu lori. Nililia nilipouona mlima wa Tanzugu, mlima wenyewe mdogo, nilikuwa nimeukuza kichwani. Ilikuwa siku ya soko. Nikashuka pale kwenye mwembe uliokatwa, nikasema ngoja nipite sokoni ninunue kokwa za kola za kuwapa wazee, siwezi kuingia mikono mitupu. Nilikuwa na furaha, Talato. Nimevaa shati jipya. Njia nzima nilirudia maneno yale uliyonifundisha: Baba, naomba njia.

Nikainua macho, nikamwona. Kofia ile, mkono mmoja mgongoni, fimbo inagusa chini kila hatua ya pili. Akasimama akakohoa mara mbili, akaendelea. Usinieleze kwamba alikuwa wewe. Nilijua ni wewe, mimi si mjinga, nilisoma barua zako mpaka karatasi ikalainika. Lakini miguu yangu haikujua. Ilisimama kama ya mtoto aliyevunja mtungi. Nikasema, hapana, sitangoja wazee, namwamkia hapahapa. Nikachuchumaa kando ya njia, ulipokuwa unapita. Ulikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningeshika kanzu. Nikaita, "Baba!"

Ulipita. Hukugeuza hata shingo. Ulikwenda kwa mwendo uleule, fimbo ileile, na watoto waliokuwa nyuma yako wakaangua kicheko. Watu wakanitazama pale chini na shati langu jipya.

Lori lilikuwa bado linapakia magunia. Nikapanda.

Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kukulaumu. Uliniambia mwenyewe: namwiga, simtungii maneno. Basi uliiga. Hayo ndiyo angeyafanya, nawe uliyafanya, na kila mtu anasema hajaonekana kurita kama wewe. Tangu hapo sina hasira na wewe. Nina hasira na yeye, na hasira hiyo imenipa usingizi. Nilikuwa silali tangu barua yako ya kwanza. Sasa nalala.

Nobila


Tanzugu
25 Agosti 1979

Nobila,

Mama yako mzima. Kouka mzima. Mtoto mzima. Uwele umefika magotini. Nimeandika salamu, sasa sijui nianzie wapi.

Baba alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto.

Hujui, kwa sababu lilikufa baada ya wewe kuondoka, mwaka ule wa njaa. Homa ilimpanda kichwani, ilipotoka ikaondoka na sikio. Sikuwahi kukuandikia. Nilikuandikia kofia na kikohozi kwa sababu ni vitu unavyovijua, nilitaka umwone. Sikio la kushoto huku analijua kila mtu, ni kama kusema jua linatokea mashariki. Mtu akimtaka alizunguka kulia. Ukimwita kushoto ungeweza kuita mpaka kesho.

Basi nilipokuwa kurita, ilinibidi nisisikie upande huo. Na watoto wa hapa unawajua. Huo ndio ulikuwa mchezo wao mkubwa kuliko yote: wanakuja taratibu kushoto kwangu, wanaita "Babu! Baba! Mzee Raogo, kanzu inaungua!" ili nigeuke. Nikigeuka nimeaibisha nyumba, na nawalipa karanga. Sikugeuka hata mara moja. Hata watu wazima waliingia mchezoni, fundi cherehani, wauza nyama, wote walijaribu. Aliyeita nisigeuke, alichekwa yeye. Ndicho kicheko ulichokisikia. Walikucheka kama walivyomcheka fundi cherehani. Walidhani unacheza.

Nilikusikia, Nobila. Sitakudanganya. Nilisikia "Baba!" kwa sauti ya mwanamume, na unajua sauti yako na ya kaka yako ni moja, hata mama yenu zamani alikuwa akiwachanganya kutoka jikoni. Nilidhani ni Kouka. Nilidhani hatimaye mume wangu ameamua kunitania, baada ya miezi yote ile ya kuchuchumaa na kuniamkia. Nilipita pale na uso wa Baba, lakini ndani nilikuwa nacheka. Ilikuwa siku yangu ya furaha kuliko zote katika nguo zile. Nilipofika nyumbani nilimngoja Kouka aje aseme, "Nimekushindwa, Baba." Hakusema. Nikajiambia anaona haya.

Ungeita kulia ningesimama. Ungekuwa mbele yangu ningekuona na kukupa maji palepale sokoni, wazee wakasirike wakitaka. Nimemwambia mama yako. Ilinibidi, barua ilikuwa mkononi mwangu na mimi nalia, angefikiri umekufa. Hakulia. Aliuliza, "Shati lilikuwa la rangi gani?" Nikamwambia barua haisemi. Amekaa mlangoni tangu asubuhi.

Nilikwenda kwa wazee. Nikawaambia nipeni nguo, hata kwa nusu siku, nimwite. Wakasema haiwezekani. Aliyekwisha kwenda kwa wakubwa wake harudishwi njiani, hata kwa kuigizwa. Wanasema uje unyweshwe maji na mama yako, yatatosha. Nami nasema yatatosha. Hakukukataa. Baba hakukukataa, kwa sababu Baba hakuwepo, na mimi sikukukataa, kwa sababu sikujua ni wewe. Hakuna mtu aliyekukataa siku ile. Nakuandikia hivi mara mbili ili uamini: hakuna mtu.

Njoo, tafadhali.

Talato


Karibu na Gagnoa
11 Novemba 1979

Kwa shemeji yangu Talato,

Nakusalimu wewe. Namsalimu Kouka, mwambie akutanie mpaka uchoke, deni hilo ni lake. Namsalimu Hado. Namsalimu mama, mwambie shati lilikuwa la buluu, lina mfuko kifuani, Adjoua alilichagua. Kakao imeiva tena. Raogo mdogo anakaa bila kushikiliwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Nitakuja. Mwishoni mwa Januari tukimaliza kukausha, nitakuja na Adjoua na watoto wote, nami nitakunywa maji ya mama na nitamwomba yeye njia. Usiwaambie watu wachinje, tutakuja kimya.

Umeandika ili nipate nafuu, najua. Nilijaribu kuipata. Nilijiambia, unaona, hukukataliwa, kunywa, lala. Lakini usingizi umeondoka, shemeji. Baba aliyenikataa nilikuwa najua nimfanye nini. Nilimkasirikia, nikamwacha huko, nikampa mtoto jina lake kama mtu anayelipa na kuondoka. Huyu asiyenisikia simjui nimfanye nini. Siwezi kumkasirikia. Kutwa namwona anapita na fimbo yake, upande wake usiosikia umenielekea, na mimi niko chini pale, na bado angeweza kusimama.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa saba, kwa kuwa halikuwa na maana wakati ule. Nilipochuchumaa nilikuwa kando ya mama mmoja muuza kola. Wewe ulipopita na watoto wakacheka, yeye peke yake hakucheka. Aliinama akaniambia, "Ita tena, baba. Sokoni kelele, pengine hajasikia. Hujaita sana, ita tena."

Wewe ulikuwa bado hujafika kwenye kona ya wauza nyama.

Nikamwambia, "Amesikia."

Nobila